Jamila Hakuwa Zimwi

Kuna hoja mbili ninazozisikia kila ninapoitaja Ultraman mbele ya wapenzi wa lugha, na leo nimeazimia kuzijibu zote kwa pamoja. Ya kwanza husema kwamba tamthilia ile ya Kijapani, ya jitu la rangi ya fedha linalopigana mieleka na madude ya mpira, ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu anayejishughulisha na ushairi hana cha kuokota humo. Ya pili hutoka kwa wale wanaoipenda. Wao husema kuwa raha yake iko katika wepesi wake: jema ni jema, baya ni baya, jitu hushuka, zimwi hufa, jua huchomoza, watoto hulala. Hawa wa pili ndio walionitia kalamu mkononi. Wa kwanza hawajaitazama. Wa pili wameitazama wasiione.

Nianze na yaliyo wazi. Ultraman ilianza kuonyeshwa Japani mwezi Julai 1966 katika stesheni ya TBS, ikamalizika Aprili 1967 baada ya sehemu 39. Ilitoka katika kampuni ya Tsuburaya Eiji, bingwa wa hila za kamera ambaye mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waliompa ulimwengu Godzilla. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Hayata, askari wa Kikosi cha Sayansi, anagongana angani na tufe jekundu lililokuwa likilifukuza dubwana lililotoroka. Hayata anakufa. Kiumbe aliyekuwa ndani ya tufe lile analijutia kosa lake, anampa Hayata uhai wake mwenyewe, na tangu siku hiyo wawili hao wanaishi katika mwili mmoja. Hatari ikizidi, Hayata hugeuka kuwa jitu la mita 40, lenye taa kifuani ambayo huanza kumweka nguvu zinapokaribia kwisha.

Msomaji asiyapite hayo mbio. Shujaa huyu ameingia duniani kwa kumuua mtu asiye na hatia na kumwomba radhi. Kabla hajapiga konde lolote la ushindi, ana deni la damu. Nani anayesema hiki ni kisa cha wema usio na doa dhidi ya uovu usio na sababu?

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapo ndipo lilipo kosa letu. Wajapani huwaita wapinzani wa Ultraman kaiju. Neno hilo huandikwa kwa alama mbili. Ya kwanza ina maana ya ajabu, jambo lisiloeleweka. Ya pili ina maana ya mnyama. Hamna zaidi. Hamna uovu ndani yake, wala ulaji wa watu, wala laana. Sisi tunapolisimulia kwa Kiswahili, ulimi hukimbilia zimwi. Na zimwi, katika ngano tulizolelewa nazo, lina kazi moja tu, nayo ni kula watu. Hujigeuza kijana mtanashati likaposa binti asiyesikia la mkuu. Humeza kijiji kizima mpaka azaliwe wa kulipasua tumbo. Msikilizaji wa ngano hatarajiwi kuuliza zimwi lilitoka wapi, au nani alilikosea. Kufa kwake ndiko heri ya mwisho. Kwa hiyo anayetafsiri kaiju kwa zimwi ameshatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Mimi hutumia dubwana, neno linalotaja ukubwa na mshangao, kisha likaiacha hukumu mahali pake, yaani ndani ya hadithi.

Mtaniambia kwamba ninapasua unywele kwa sababu ya neno moja. Basi nawapeni ushahidi, nao unatoka katika tamthilia yenyewe.

Sehemu ya 23 ilionyeshwa Desemba 1966. Mwandishi wake ni Sasaki Mamoru na mwongozaji ni Jissoji Akio. Jina lake tukilifasiri kwa lugha yetu ni kama kusema: kwetu ni duniani. Mkutano wa kimataifa wa amani unakaribia kufanyika Japani, na ndege za wajumbe zinaangushwa na chombo kisichoonekana. Kikosi kinakisaka chombo hicho na kukifichua, na ndani yake linatoka dubwana la kutisha, lenye ngozi iliyokauka kama udongo wa kiangazi. Ndipo mjumbe wa makao makuu ya Paris anapotoboa siri. Huyo si mnyama. Ni mwanaanga, mtu kama sisi, aliyerushwa na nchi yake wakati mataifa yalipokuwa yakishindana kuifikia anga. Chombo chake kilipotea, kikaangukia sayari isiyo na maji. Nchi yake ikaona haya kukiri kwamba imempoteza mtu, ikaficha habari zake. Huko aliko mwili wake ukageuka ili uweze kuishi. Sasa amerudi kulipiza kisasi. Jina lake Jamila.

Jamila! Nani katika pwani yetu asiyekuwa na shangazi, binti au jirani mwenye jina hilo? Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mzuri. Mara nyingi huelezwa kwamba waandishi walilichota katika vita vya uhuru wa Algeria, ambako Djamila Bouhired na Djamila Boupacha walijulikana duniani kote kwa mateso waliyoyapata mikononi mwa Wafaransa. Mjapani wa mwaka 1966 yumkini alilisikia kama jina la kigeni tu. Sisi tunaisikia maana yake moja kwa moja. Kiumbe aliyeamriwa auawe kwa sababu ya sura yake anaitwa mzuri.

Amri iliyotoka Paris, msomaji, ilikuwa amri ya sarufi kabla ya kuwa amri ya silaha. Kikosi hakikuambiwa tu kimuue Jamila. Kiliambiwa kimuue kama dubwana, na kwamba ulimwengu usijue kamwe kuwa alikuwa mtu. Kijapani hakina ngeli kama zetu, lakini sisi tunaweza kuieleza amri ile kwa namna ambayo wenyewe hawakuweza: mwondoeni katika ngeli ya A-WA, mtieni katika LI-YA. Asiwe tena yule aliyepotea. Liwe lile lililokuja. Asiwe na mama aliyemngoja wala nyumba aliyoitoka. Mtu huuawa kwa kesi, kwa hofu, kwa dhambi juu ya shingo ya muuaji. Lile huondolewa tu.

Kiswahili kinaijua hila hii vizuri mno. Mtu ukimwita jitu, umeshampunguzia utu huku ukijidai unamkuza. Mzee huwa lizee, jamaa huwa lijamaa, na papo hapo sauti ya msemaji imekuwa jiwe mkononi. Hatukuhitaji Wajapani watufundishe kutukana kwa ngeli. Tulichohitaji kufundishwa ni kusita kabla ya kuihamisha ngeli, na katika dakika zisizofika hata nusu saa, tamthilia ya watoto ilifundisha hilo.

Ilifundisha kwa njia ya Ide. Ide ndiye mcheshi wa kikosi, mtu wa kuanguka na kufanya mzaha. Anaposikia ukweli kuhusu Jamila anaitupa silaha yake chini na kukataa kupigana, akisema kwamba yaliyompata Jamila yanaweza kumfika hata mmoja wao siku yoyote. Angalieni kwamba hasemi Jamila ni malaika. Jamila anachoma kijiji. Watu wanakimbia, mtoto anarudi motoni kumwokoa njiwa wake, na ni Ide huyo huyo anayejitosa kusaidia. Kisha anamgeukia Jamila na kumpigia kelele, akimuuliza kama moyo wa kibinadamu umemtoka kabisa. Na Jamila anasita. Anageuka, anakitazama kijiji kinachoungua. Ni nukta chache tu, lakini tamthilia nzima imesimama juu ya nukta hizo, maana dubwana la LI-YA haliulizwi swali la moyo, wala halisiti likiulizwa. Ide amemrudisha Jamila katika A-WA kwa kumlaumu. Kumlaumu mtu ni kumkubali kuwa mtu.

Mwisho wake wote tunaujua. Jamila hashikiki kwa moto wala kwa risasi. Kinachomuua ni maji. Ultraman anamnyeshea maji, na yule aliyeteseka miaka mingi kwa kukosa tone anagaagaa topeni, karibu na bendera za mataifa zilizopangwa mbele ya jumba la mkutano wa amani, akitoa kilio kinachofanana na cha mtoto mchanga. Hakuna ngoma ya ushindi. Kinachofuata ni jiwe la kaburi. Maandishi yake, kwa Kifaransa, yanamsifu Jamila kuwa mpiganaji aliyejitoa kwa ajili ya ubinadamu na maendeleo ya sayansi. Wenzake wanaondoka. Ide anabaki nyuma, na maneno yake ya mwisho yana uchungu mtupu: kwamba wahanga ndivyo wafanywavyo siku zote, wakaandikiwa maneno mazuri, na uzuri ukaishia katika maneno.

Watungaji wenzangu, hiyo shutuma si ya wanasiasa wa Paris peke yao. Ni yetu. Nani anayeandika maneno mazuri juu ya makaburi kama si sisi? Alipokuwa hai, Jamila alihamishiwa LI-YA. Alipokufa akarudishwa A-WA kwa herufi za kuchongwa, na waliomrudisha ni wale wale waliomtoa. Tanzia ngapi tumezitunga kwa mtindo huo? Mizani imetimia, vina vimelingana, marehemu amepambwa kwa kila sifa, na katika uhai wake hatukumtetea kwa ubeti mmoja alipokuwa akiitwa mnyama. Tunapenda kusema kwamba ushairi ni sauti ya wasio na sauti. Mara nyingi umekuwa sanda nadhifu ya wasio na sauti, na mcheshi wa tamthilia ya watoto alilisema hilo kabla yetu.

Mtu aweza kudai kwamba sehemu moja haifanyi hoja. Basi tuitazame ya 35, ya Sasaki na Jissoji tena. Kikosi kinagundua kwamba madubwana yote yaliyouawa yanaelea angani katika makaburi yao, yakiwa peke yao, hayana pa kwenda. Wanafanya nini askari wale? Wanaandaa ibada ya maombolezo ya Kibudha kwa ajili ya waliowaua. Picha za madubwana zimepangwa, ubani unafuka, mtawa anasoma dua. Kisha dubwana la mifupa liitwalo Seabozu linaanguka duniani kwa ajali. Halitaki vita. Linapanda jengo refu ili liikaribie mbingu lilikotoka, likashindwa, likaanguka. Kazi ya Ultraman siku hiyo ni kulirudisha kwao.

Hapa nakiri kwamba Kiswahili kina utajiri tulioutupa. Neno zimwi na neno mzimu ni ndugu wa tumbo moja katika lugha za Kibantu. Mzimu tunautambikia, tunautajia jina, tunauombea utulivu, zimwi tunalikimbia. Shina moja limezaa hofu na heshima. Methali nayo inatukumbusha kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahenga walijua kuwa hata kati ya mlaji na mliwa, kujuana hubadili jambo. Ibada ile ya sehemu ya 35 imelirudisha zimwi kwa nduguye mzimu. Ningekuwa na hakika kwamba wasimulizi wetu wanaulikumbuka undugu huo, nisingeligombania neno dubwana hata kidogo.

Haya hayakuzuka kwa bahati. Mwandishi mkuu wa tamthilia hizo za mwanzo alikuwa Kinjo Tetsuo, aliyezaliwa 1938 na kukulia Okinawa, kisiwa kilichoteketezwa katika mapigano ya mwaka 1945 naye akiwa mtoto, kisha kikatawaliwa na Marekani hadi 1972. Alipokuwa akiandika Tokyo habari za majitu, kwao hakukuwa chini ya utawala wa Japani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuliandika neno mvamizi kwa wepesi. Katika Ultra Seven, tamthilia iliyofuata, sehemu ya 42 ya mwaka 1968 ni yake. Humo kituo cha wanadamu kinachochimba utajiri wa bahari kinashambuliwa na watu wa chini ya maji waitwao Nonmalt. Mtoto mmoja anadai kwamba Nonmalt ndio wenyeji wa dunia hii, na kwamba wanadamu waliwapora nchi kavu wakawasukumia baharini. Dan, ambaye ndiye Ultra Seven mwenyewe, anashtuka kwa sababu ya neno: katika nyota alikotoka, Nonmalt ndilo jina la watu wa dunia. Ushahidi pekee wa dhuluma ile ni jina lililohifadhiwa ugenini. Kapteni wa kikosi, Kiriyama, analitazama jambo hilo usoni kwa sekunde moja: ikiwa ni kweli, basi wavamizi ni sisi. Kisha analipuuza, anauangamiza mji wao, na kushangilia kwamba bahari nayo sasa ni ya wanadamu.

Mwaka 1971, katika tamthilia iliyomrudisha Ultraman, mwandishi mwingine wa Okinawa, Uehara Shozo, alikwenda mbali zaidi. Katika sehemu ya 33 mtoto yatima anaandamwa mtaani kwa madai kuwa si mtu wa duniani. Duka linamnyima mkate. Binti wa duka hilo hilo anamkimbilia na mkate mkononi, akimwambia kwamba hamhurumii, kwao ni duka la mikate basi. Mgeni halisi ni mzee anayemlea, aitwaye Kanayama, jina ambalo Wakorea wengi wa Japani walilichukua. Umati unakuja, mzee anajitokeza kumnusuru mtoto, na polisi anampiga risasi. Alipokufa, dubwana alilokuwa amelifungia ardhini likaibuka, na umati ule ule ukaanza kumlilia askari Go aje awaokoe. Go anakaa chini, haendi. Nyuma ya kisa hicho kuna mwaka 1923, ambapo baada ya tetemeko la Kanto uvumi ulienea kwamba Wakorea wametia sumu visimani, na Wakorea wengi wakauawa na raia wa kawaida. Visima havikuwa na sumu. Sumu ilikuwa katika neno.

Nisifiche lililo dhidi yangu. Sehemu nyingi za Ultraman si hivyo. Katika nyingi, dubwana linabomoa majengo ya karatasi, linapigwa, na watoto wanafurahi. Nami niliyeandika haya hufurahi nao. Wala sisemi kwamba anayekanyagwa na dubwana anapaswa kwanza kuchunguza nasaba yake. Jamila alikuwa akiua, na ilikuwa lazima azuiwe. Ide mwenyewe hakulikana hilo. Alilolikataa ni kumuua mtu kwa jina la uongo ili aliyemtuma angani asiulizwe. Kati ya kuzuia na kufuta pana nafasi, na nafasi hiyo hulindwa kwa maneno au hupotea kwa maneno.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba hili ni la watoto wa Japani na halituhusu. Rwanda, mwaka 1994, redio iliwaita watu inyenzi, yaani mende, na mende hakusikilizwa. Kenya tumelisikia neno madoadoa likitumiwa kwa majirani wa miaka mingi. Litieni katika ngeli yake, wapenzi wa sarufi: doa hili, madoa haya. Doa halina mama. Doa halina shamba wala kaburi la babu. Doa halihamishwi, husafishwa. Waliolitumia hawakuhitaji kutaja panga. Ngeli ilikuwa imeshafanya kazi ya nusu siku.

Kwa hiyo ninayo madai mawili, si zaidi. Kwa mnaosimulia na kutafsiri: msiseme zimwi pale ambapo mwandishi alisema mnyama wa ajabu, kwa sababu mnaua kitu ambacho yeye alikitaka kiwe hai mpaka mwisho. Na kwa malenga: kabla ya kutia mtu katika LI-YA, hata kwa utani, hata kwa ajili ya kina kilichokosekana, kumbukeni maandishi mazuri juu ya kaburi la Jamila. Mimi nafunga kwa ubeti mmoja, na mwenye kunijibu anijibu kwa bahari hiyo hiyo:

Neno ni kisu kikali, chaua pasi kushikwa,
Humvua mtu hali, jina lake hufunikwa,
Huitwa baa jahili, ni zimwi la kuepukwa,
Semeni lililo kweli, kabla mtu hajazikwa.